PRP kwenye kupandikiza mfupa wa taya: inasaidia kweli au ni hela tu?

BintiNgamiani:

Habari za jioni wana jamvi. Naomba mawazo yenu, hasa mlioko kwenye mambo ya afya au mliowahi kuuguza mtu wa taya, maana huku nyumbani tumegawanyika kila mtu ana lake.

Mdogo wangu wa kiume ana miaka 24, mvuvi, shughuli zake ni pale Deep Sea, huku Tanga. Alianza na uvimbe taya la chini upande wa kushoto, hauumi wala nini, upo tu unakua polepole, tukaambiwa jino likang'olewa, tukaambiwa tena ni jino la jirani yake likang'olewa na lenyewe, bibi nae akasema haya ni mambo ya watu tukazunguka huko nako, mwisho wa yote akapigwa picha ya OPG, ile eksirei ya mataya yote, ndo ikaonekana taya ndani limekuwa vyumba vyumba. Wakachukua kinyama wakapima, jibu ameloblastoma. Wakatuambia sio kansa ila linakula mfupa na ukilikwangua juu juu linarudi. Dar wakamkata kipande cha taya wakamfunga chuma cha titani.

Sasa kidonda kimepona vizuri, kwa mbele ukimwangalia hata hujui. Ila daktari anasema chuma peke yake hakitakaa miaka yote, inabidi arudi apandikizwe mfupa kutoka kwenye nyonga. Hapo sawa tumeelewa. Kilichotuchanganya, tulienda kuuliza kliniki moja ya binafsi wakatuambia wao wanaongezea PRP, yaani wanamtoa damu yake wanaizungusha kwenye mashine wanapata kitu wanachanganya na ule mfupa, eti unapona mara mbili zaidi. Na hiyo PRP ina bei yake pembeni, inazidi milioni, juu ya hela ya upasuaji wenyewe. Baba keshasema tuuze ngalawa.

Mi naomba kujua hiki kitu kipo kweli? Bila hicho mfupa haushiki? Na mama yeye hofu yake ni nyingine, anasema kama hiyo dawa inakuza vitu, si itaukuza na ule uvimbe urudi?

Mjomba_Chuda:

Milioni kwa damu ya mtu mwenyewe?? Yaani nije na damu yangu, uizungushe, unirudishie, alafu nikulipe mimi? Hapo mnapigwa mchana kweupe. Ngalawa msiuze.

MzungushaDamu:

Mjomba punguza, kitu kipo na sio uganga. Mi nipo maabara kwa hiyo ntaongelea upande wangu tu, ya kisu watasema wenye kisu.

Damu ukiitoa ukaiweka kwenye tyubu yenye dawa ya kuzuia isigande alafu ukaizungusha kwenye sentrifuji inajigawa yenyewe. Chini kabisa zinakaa seli nyekundu maana ndo nzito, juu yanabaki maji ya njano yaani plasma, na pale mpakani kuna kautando kembamba keupeupe ambako usipokuwa na jicho unaweza usikaone kabisa. Pale ndo penye mali, zimekaa seli nyeupe na chembe sahani, zile wengi tunaziita pletileti. Kutengeneza PRP unazungusha mara mbili. Ya kwanza kuachana na seli nyekundu, unanyonya plasma pamoja na kale kautando, unazungusha tena kwa nguvu zaidi, chembe sahani zinashuka chini, plasma ya juu unaitoa unabaki na kidogo cha chini kilichojaa chembe sahani. Hicho ndo PRP, kifupi cha Kiingereza platelet-rich plasma, yaani plasma iliyojaa chembe sahani. Kwahiyo ni damu yake mwenyewe, haichanganywi na ya mtu mwingine labda mzembe akosee lebo, na ndo maana tyubu inatakiwa iandikwe jina pale pale pembeni ya mgonjwa sio ikifika maabara.

Kwa nini chembe sahani? Watu wanazijua kwa kugandisha damu tu, lakini ndani zina vifuko, na kwenye vifuko kuna vichocheo vya ukuaji, wakubwa wake wanaitwa PDGF, TGF-beta na VEGF. Ukikatwa popote hizo ndo zinafika mwanzo kabisa, zinapasuka, zinamwaga vile vichocheo, seli za kujenga zinaitika na mishipa midogo ya damu inaanza kuchipua. PRP ni kuongeza tu idadi ya hao waitaji. Mtu mzima wa kawaida ana chembe sahani 150,000 mpaka 450,000 kwenye mikrolita moja ya damu, na PRP inayotajwa sana kwa kazi ya mfupa inatakiwa iwe kama 1,000,000 kwa mikrolita.

Hapo ndo pa kuuliza swali. Muulize huyo mtu wa kliniki: mnahesabu chembe sahani kabla na baada? Kama hawahesabu, wanajuaje walichotoa ni PRP na sio plasma tu ya njano? Mi nimeona mtu anazungusha mara moja, ananyonya juu kule kwenye maji matupu, anaita PRP. Rangi inapendeza, mzigo haumo. Na zile chembe ni laini, ukizitikisatikisa au ukazipitisha kwenye sindano nyembamba kwa nguvu zinapasukia njiani, zikifika kwa mgonjwa zimeshamaliza kazi.

Kitu kingine, ikishaamshwa kwa kalsiamu kloraidi na trombini, vitu vya kuigandisha, inakuwa jeli, na sehemu kubwa ya akiba yake inamwagika ndani ya dakika 10 za mwanzo, saa moja ikipita karibu yote imetoka. Kwahiyo inaamshwa pale pale meza ya upasuaji mfupa ukiwa tayari, haiamshwi asubuhi ikasubiri zamu ya mchana. Zamani trombini ilikuwa ya ng'ombe, ikaja kuonekana baadhi ya wagonjwa miili yao inatengeneza kinga zinazopiga mpaka vigandishi vyao wenyewe, wanatokwa damu ovyo, ndo wengi wakaiacha.

Kuna na ndugu yake anaitwa PRF, yaani platelet-rich fibrin. Huyu aliletwa na Mfaransa Choukroun mwaka 2001. Hakuna dawa ya kuzuia kuganda, hakuna trombini, tyubu kavu tu, unachukua damu unakimbia nayo maana inaanza kugandia mkononi, unazungusha mara moja dakika 10 mpaka 12, katikati linatoka donge laini la njano la faibrini, ile protini inayogandisha damu. Unalishika kwa koleo, unakata mkia mwekundu wa chini (sio wote, kidogo ubaki maana pale mpakani ndo chembe zimejazana), unalikandamiza linakuwa utando. Linaachia vichocheo pole pole siku 7 na zaidi, na gharama yake iko chini sana, sentrifuji ndogo na tyubu basi. Waulizeni kama wanaifanya.

Mrembo_Raskazone:

Mi PRP nimepigwa usoni Dar na shoga angu kapigwa ya goti, mbona inafanya kazi tu. Ngozi imebadilika. Kama inafanya kazi usoni na kwenye taya itafanya, mwaya lipeni mkae na amani.

MzungushaDamu:

Mrembo hongera kwa ngozi ila uso na pengo la mfupa ni habari mbili. Usoni hakuna kitu kinachotakiwa kubeba mzigo wa kutafuna muhogo.

Tabibu_wa_Kaole:

Dada BintiNgamiani pole kwa kuuguza. Mimi ni daktari wa meno huku Bagamoyo, sio bingwa wa upasuaji wa taya, hao mabingwa ndo watakaoamua. Ila wagonjwa wa namna hii nimewapeleka rufaa wengi na nawaona wakirudi, kwa hiyo nikueleze ninachokijua.

Kwanza maneno ya "mara mbili zaidi" hayakutoka hewani. Mwaka 1998 Robert Marx na wenzake wa Chuo Kikuu cha Miami kule Marekani walitoa utafiti wa wagonjwa 88 wenye pengo la taya la chini la sentimita 5 au zaidi, wote wakapandikizwa mfupa wa nyonga, nusu wakaongezewa PRP nusu hawakuongezewa. Kwenye eksirei, mfupa wa wenye PRP ulionekana umekomaa kuliko umri wake, mara 2.16 ukiwa na miezi miwili, lakini ulipofika miezi sita ikashuka mpaka 1.62. Unaona hapo? Faida kubwa ni mwanzoni, kadri muda unavyokwenda na wale wengine wanasogea. Walipochukua kipande na kukiangalia kwa darubini, mfupa mpya ulijaza asilimia 74 kwa wenye PRP na asilimia 55 kwa wasiowekewa. Tofauti ipo na sio ndogo. Ila usisahau nusu ya pili, wasiowekewa NAO walipata mfupa. Na damu waliyotumia wale ni kama mililita 450, mfuko mzima wa mchangiaji damu, kwa mashine kubwa ya kutenganisha seli, sio tyubu mbili tatu za kliniki.

Baada ya hapo dunia nzima ikaikimbilia. Tafiti zikafuata nyingi, na picha ikawa na ukungu. Kwenye kuinua sakafu ya sainasi ya taya la juu (ule uwazi wa hewa juu ya meno) ili kuweka vipandikizi vya meno, mapitio ya 2014 ya Cochrane, kundi linalojumlisha tafiti za tiba, yaliona PRP haiongezi kitu cha maana kwenye matokeo. Kwenye nyama na fizi ndo inasifiwa zaidi, kidonda kinafunga vizuri na maumivu yanapungua. Kwenye mfupa wengine waliona faida wengine hawakuona, na sababu mojawapo ni hiyo aliyoisema ndugu yangu wa maabara, kila mtu anatengeneza yake. Huyu chembe milioni, yule laki tatu, wote wanaandika PRP.

Sasa swali lako, bila PRP mfupa haushiki? Unashika. Mabingwa wamekuwa wakipandikiza mfupa wa nyonga miaka na miaka kabla hata hiyo PRP haijasikika. Kinachoshikisha mfupa ni vitu vingine kabisa na ndivyo ningetaka mvikazanie:

Mfupa ukitolewa nyonga unakuja na seli zake hai, hasa ule wa ndani wenye vitundu kama sifongo. Siku tatu nne za mwanzo hizo seli hazina mshipa wa damu hata mmoja, zinaishi kwa kunyonya majimaji ya jirani. Mishipa inaingia taratibu, mpaka wiki ya pili ya tatu ndo unaweza kusema mfupa umeunganishwa na damu ya mwili. Kwa hiyo chochote kinachokata damu au kuleta usaha wiki hizo kinaua pandikizi, na ukimwagia PRP ndoo nzima haitalifufua. Taya likicheza, yaani chuma kimelegea, mishipa michanga inakatika kila akifungua mdomo. Mate yakiingia kwenye pandikizi, bakteria wa mdomoni wamekaribishwa, ndo maana mabingwa wengi wanasubiri kwanza ndani ya mdomo papone kabisa kama walivyofanya kwa mdogo wako, alafu wanaingilia kwa nje chini ya taya. Kwa hiyo huko kusubiri mlikoona kumechelewa kulikuwa na maana yake. Na ngozi na nyama za kufunika ziwepo za kutosha zisivutike.

Kuhusu hofu ya mama, ni swali zuri kuliko yote humu. Vile vichocheo vinagusa ukuta wa nje wa seli na kuipa amri ya kugawanyika kwa muda, haviingii kubadilisha vinasaba vyake, kwa hiyo havigeuzi seli nzima kuwa uvimbe. Lakini hakuna daktari makini atakayeweka PRP mahali anaposhuku kuna kansa au uvimbe umebaki. Ameloblastoma inarudi kwa sababu ya mabaki, inajipenyeza kwenye mfupa kupita pale inapoonekana kwenye picha, ndo maana wanakata na sentimita moja mpaka mbili za mfupa usio na ugonjwa pembeni. Muulizeni aliyemkata kama majibu ya maabara ya kile kipande yalionyesha kingo ni safi, yaani pembeni hakuna mabaki ya uvimbe. Karatasi hiyo iwepo mkononi kabla hamjaongea mambo ya PRP.

Niambie mambo matatu: pengo ni sentimita ngapi, alipigwa mionzi? Na anavuta?

Bi_Kigombe:

Wanangu mimi nimefanyiwa, niwape ya mwenye mwili. Mimi PRP sikuwekewa wala sikuijua, na mfupa ulishika, leo natafuna mihogo ya nazi kama kawaida upande ule wa meno yaliyobaki.

Mtakalojiandaa nalo ni NYONGA. Watu wote wanauliza taya, taya, taya, kumbe taya ile unavimba tu uso unakuwa mkubwa lakini maumivu unayavumilia, ila nyonga ile! Kukohoa tabu, kucheka tabu, kupanda kitandani upandie upande mmoja, chooni ndo usiseme, hivi vyoo vyetu vya kuchuchumaa mgonjwa wa nyonga hawezi, tafuteni kile kiti cha kukalia mapema kabla hajarudi nyumbani. Nilitembea kwa kuchechemea muda, na paja kwa nje likafa ganzi, daktari akaniambia kuna mshipa wa fahamu unapita jirani na pale wanapochimba, kwangu ganzi imepungua ila haijaisha yote. Simtishi, nasema ajue. Na huyo ni mvuvi, kuvuta nyavu na kuruka kwenye chombo asahau kwanza.

Chakula nacho. Uji mwembamba, supu ya samaki iliyochujwa isiwe na mwiba hata wa dawa, maziwa, ndizi za kuponda, yai likorogwe humo humo. Msimpe uji mtupu wa sembe siku zote atadhoofu, mfupa unajengwa na nini? Na kusukutua kwa maji ya chumvi kila akila hata kama ni maji ya uji tu.

BintiNgamiani:

Shikamoo bi mkubwa, asante sana yaani hilo la choo hakuna hata mmoja alituambia, ntalifanyia kazi mapema.

Daktari Tabibu, nimetafuta karatasi. Pengo limeandikwa kama sentimita 5. Mionzi hapana hajapigwa kabisa. Kingo sijaona mahali imeandikwa ila ntampigia yule daktari wa mwanzo. Kuvuta... sigara anavuta, na wakiwa baharini usiku wanaweka ugoro mdomoni wasisinzie. Nyumbani anasema kaacha.

Na baba mkubwa kaongeza lake, anasema kaskia kuna dawa za mfupa zinazotokana na nguruwe, na sisi waislamu, je hiyo PRP ina nguruwe?

Mjomba_Chuda:

"Nyumbani anasema kaacha" 😂 mkague mfuko wa shati.

Tabibu_wa_Kaole:

Basi hapo umenipa picha. Sentimita 5 bila mionzi ni mgonjwa ambaye mfupa wa nyonga wa kawaida unamfaa, mara nyingi ukizidi sentimita 6 hivi ndo mabingwa wanaanza kufikiria mfupa wa mguu, ule mwembamba wa nje ya mundi, unaohamishwa pamoja na mishipa yake ya damu na kuunganishwa shingoni. Au kama sehemu ilichomwa mionzi, maana nyama iliyochomwa haina damu ya kulisha pandikizi. Kwa huyu PRP ni nyongeza. Ikiwepo na inatengenezwa vizuri ni heri, isipokuwepo upasuaji unaendelea. Ngalawa ni kazi ya familia, mimi singeiuza kwa ajili ya PRP. Kama kuna hela ya kutafuta itafutwe kwa ajili ya bingwa anayefanya kazi hii kila siku, CT scan nzuri kabla, na kumlisha akirudi.

Nikuongezee kuwa mabingwa wetu wengi wa taya wamesomea Muhimbili pale MUHAS, chuo kikuu cha afya, na uvimbe huu wanauona mno, huku kwetu Afrika hautafutwi kwa tochi. Kwa hiyo msione mkipelekwa hospitali ya rufaa ya serikali mmeshushwa daraja. Anzieni hospitali ya Bombo hapo Tanga kwenye kitengo cha meno waandike rufaa kwa utaratibu, msiruke.

Sigara na ugoro. Hapa ntakuwa mkali kidogo. Nikotini inabana mishipa midogo, na nimesema juu pale kwamba wiki tatu za mwanzo maisha ya pandikizi yote ni mishipa midogo. Mnataka kulipa milioni kuita mishipa ije, alafu kijana anaifukuza kwa shilingi mia ya ugoro? Na ugoro ni mbaya zaidi maana unakaa pale pale kwenye fizi inayofunika mfupa. Aache wiki 4 kabla kwa uchache, na aendelee kuacha miezi yote ya kuunga. Tambuu yenye tumbaku nayo imo humo humo, wasije wakamhamishia huko. Kama hawezi, aseme ukweli kwa bingwa, bora upasuaji usogezwe mbele.

Pia wampime sukari, na FBP (kipimo cha damu nzima) waone chembe sahani na wingi wa damu. Akiwa na chembe sahani chache au ugonjwa wa kutokwa damu, PRP hata haifai kwake. Kama anameza aspirini au dawa zozote za maumivu ataje, asiziache wala kuzianza kwa kusikia humu.

Suala la nguruwe baba mkubwa yuko sahihi kuuliza, mbona wagonjwa wengi huwa wanaona haya. PRP yenyewe na PRF ni damu yake, hakuna mnyama, isipokuwa pale wanapotumia trombini ya ng'ombe ambayo imeshaelezwa. Ila kwenye kazi za mfupa wa meno kuna bidhaa za mnyama. Unga wa mfupa wa Bio-Oss ni wa ng'ombe, umesafishwa ukabaki madini tu. Utando wa Bio-Gide unaofunikia ni kolajeni ya nguruwe. Kwa pengo kama la mdogo wako mara nyingi hivyo havina nafasi kubwa, mfupa wake wa nyonga ndo kila kitu, lakini mwambieni bingwa mapema kwamba hamtaki cha nguruwe, zipo tando za ng'ombe na zipo za kutengenezwa kiwandani bila mnyama, na utando wa PRF wa damu yake pia unaweza kutumika. Mkimwambia siku ya upasuaji mtakuta boksi limeshafunguliwa.

BintiNgamiani:

Allah akulipe kheri daktari. Nimemsomea baba yote kwa sauti, kasema ngalawa ibaki kwanza. Mama kaambiwa la kingo kakubali, kesho naenda Bombo.

Swali moja tu nimalizie, meno atapata lini? Maana anaona aibu, ni kijana hajaoa.

Tabibu_wa_Kaole:

Meno ni baada ya mfupa kuunga na kukomaa, kwa kawaida miezi 4 mpaka 6 wanapiga picha tena kuona. Hapo kuna njia mbili, meno ya kuvaa na kuvua ambayo ni nafuu, au vipandikizi vya titani vinavyosokomezwa kwenye ule mfupa mpya. Asikae bila kuweka kitu miaka, mfupa wa nyonga usiotumika unaliwa taratibu na mwili, ukija kustuka umebaki mwembamba na vipandikizi havina pa kushika. Na picha ya OPG ya kuangalia uvimbe aipige kila mwaka hata akioa akapata watoto, ameloblastoma imewahi kurudi kwa watu baada ya miaka zaidi ya 10.

Dereva_Kange:

Samahani naingilia kidogo, mi nang'oa gego la mwisho wiki ijayo, lile lililolala kwa chini. Hiyo PRF inafaa na kwenye tundu la jino au ni kwa mataya makubwa tu?

MzungushaDamu:

Inafaa, na huko ndo inatumika sana kuliko huku. Donge lile linasukumiwa kwenye tundu wanashona juu. Tafiti zinaonyesha linapunguza lile tatizo la tundu kukauka, maumivu ya siku ya tatu ya nne yanayopanda mpaka sikioni. Muulize daktari wako kama ana sentrifuji. Kama hana, ng'oa tu, ila usisukutue kwa nguvu siku ya kwanza na usivute sigara, donge la damu ya kawaida libaki pale pale.